Siku Tulipozikamua Mashine za Gemu Ruiri

Watu wa Ruiri wana midomo. Celina alipouza ng'ombe wake wa mwisho ili anunue mashine ya gemu, wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni upweke wa ujane, na shemeji yake Kinoti akasema ni ujinga mtupu. Aliyasema hayo mbele ya duka langu la kushona nguo, nikiwa kwenye cherehani yangu, na mimi Nelius si mtu wa kumeza maneno. Nilimwuliza, "Kinoti, wewe ulimletea huyo ng'ombe nyasi lini?" Mvua ilikuwa imetukimbia misimu miwili, nyasi za kununua zilikuwa zikitoka Kibirichia kwa bei ya dhahabu, na ng'ombe mwenyewe alibaki mbavu na macho.

Nimemjua Celina tangu nilipoolewa hapa kutoka Karurumo, kule Embu, na mwanzoni hatukupatana hata kidogo. Yeye ni mtu wa maneno machache, mimi ni mtu wa maneno. Akiamua jambo ameamua, hata umpigie magoti. Mumewe Mwirigi alipofariki, Kinoti alitaka ahamie kwake, awe akivuna maharagwe na kuwapikia vibarua, apewe chumba nyuma ya zizi. Celina akamjibu, "Asante, shemeji, lakini bado nina ng'ombe." Na kumbe si yeye peke yake aliyekataa chumba hicho. Mama mkwe wake, Cucu Kiende, yaani Bibi Kiende, mama mzazi wa Kinoti huyo huyo, alibeba blanketi lake, Biblia na kikapu cha nyuzi za kufuma, akaenda kuishi na Celina. Hakumweleza mtu sababu, na sisi tulijua.

Sasa hii gemu aliitoa wapi? Aliitoa Embu. Alivunjika mguu, binti yake Gacheri ambaye ni karani huko mjini akamchukua amuuguze, na katika ile nyumba kulikuwa na mashine. Nilipoenda kumjulia hali nikiwa na ndizi na maziwa lala, nilimkuta mguu wenye plasta uko juu ya stuli, pedi ya gemu iko mikononi, anamfokea golikipa. Nikasema hodi. Akasema, "Nelius, usinisalimie kwanza, nina kona." Aki ya Mungu! Mwanamke mwenye umri wa kuitwa bibi! Nilikaa na ndizi zangu mapajani nikamngoja apige kona yake, na akafunga.

Mguu ulipopona alirudi na wazo, na wazo lilikuwa hili. Vijana wa Ruiri walikuwa wakipanda gari hadi Meru mjini kwenda tu kucheza gemu. Yeye angewafungulia chumba hapa hapa, nao wangelipia mchezo, na yeye angekula, na Cucu angekula. Kinoti aliposikia alikuja mbio. "Mashine ikikushinda, wewe na Mama mnahamia kwangu, na hiyo hatutajadili tena. Nitaleta mkokoteni mimi mwenyewe."

"Ikinishinda, lete," Celina akasema.

Cucu Kiende alikuwa akifuma pale mlangoni. Sindano yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Tulienda pamoja kununua. Duka la Meru lilikuwa na mashine mbili za mitumba, PS4 na Xbox One, zote nyeusi, na muuzaji mwenye ulimi wa asali. Alituambia hizi mbili ni mahasimu wa dunia nzima, na vijana hupigana kwa ajili yazo. PS4, alisema, ina nguvu ya teraflopu moja nukta nane nne. Xbox One ina moja nukta tatu moja. Kumbukumbu ya kila moja ni gigabaiti nane, lakini ya PS4 ina mbio zaidi. Mimi nilikuwa nikitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Celina akauliza, "Hizo teraflopu ni za nini?"

"Ni nguvu ya kuchora picha, mama. Zikiwa nyingi, picha inakuwa safi."

"Basi hayo ni maziwa. Na hiyo feni inayovuma?"

"Inapooza mashine isishike moto."

"Hiyo ni pumzi. Na stima inayokula ni nyasi. Sawa. Washa zote mbili tukamue."

Muuzaji alicheka, akadhani ni mzaha. Hakujua amepata mtu wa aina gani. Kwetu huku, hununui ng'ombe wa maziwa kwa kumtazama. Muuzaji mjanja humwacha bila kukamuliwa asubuhi, kiwele kinajaa hadi kinang'aa, wewe unalipa, na kesho yake unapata kikombe. Kwa hiyo mnunuzi anayejiheshimu hulala huko huko. Ng'ombe anakamuliwa jioni, anakamuliwa tena asubuhi, naye mnunuzi amesimama pale na macho yake mawili. Huko ndiko kukamua mara mbili. Na Celina aliikamua ile mitambo mara mbili! Tulikaa dukani hadi wakafunga, mimi nikiwa nimekalia katoni, miguu imefura, na asubuhi tulikuwa wa kwanza mlangoni. Muuzaji alitamani ardhi itumeze.

Alipomaliza alijua anachotaka kujua. Ile Xbox ilikuwa kubwa, tulivu, yenye matundu mengi mgongoni, na kile kitofali chake cha kubadilisha stima kilikaa nje, kwa hiyo haikuvuma sana. Lakini wachezaji walipokimbia, nyasi za uwanja zilififia kidogo. PS4 ilikuwa na kila kitu tumboni, feni yake ilipiga kelele ikipata joto, ila picha ilikuwa kali hadi unaona jasho la beki. Celina aliweka mkono juu ya PS4 akasema, "Kijana analipia anachokiona. Kelele nitavumilia mimi." Tukaibeba nyumbani ndani ya beseni, imezungushiwa leso.

Wiki hiyo hiyo Koome, mwuza viazi wetu, kijana mwenye pesa mpya na kofia ya kugeuza nyuma, akaenda kwenye duka lile lile akainunua ile Xbox tuliyoiacha. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa tu na haraka ya kila kitu. Na sasa wote wawili walikitaka chumba kimoja.

Chumba chenyewe kilikuwa cha Mzee Muturi, mwenyekiti wa chama cha maziwa, kimepakana na tangi la kupoza maziwa. Pale stima ilikuwa na nguvu, kwa sababu ya tangi. Kwingineko hapa kwenye kituo chetu cha biashara, jua likipanda, stima hupungua hadi balbu inakuwa nyekundu, isipokuwa katika maduka machache yaliyo upande wa pili wa barabara, likiwemo langu, yanayovuta laini ile ile ya tangi. Lakini mimi nina cherehani tatu, meza ya kukatia na magauni ya harusi yananing'inia hadi mlangoni, na nilikuwa nimeapa hadharani kwamba sitaki kelele za vijana kwangu. Kwa hiyo ilikuwa ni Muturi au ni mkokoteni wa Kinoti.

Vijana waligawanyika mara moja, hawa wa PS, wale wa Xbox, wakabishana teraflopu kana kwamba wamezizaa wao. Muturi aliwasikiliza hadi akachoka. Alikuwa mfugaji wa kufa na kupona, na akaamua kama mfugaji. "Mimi sijui hesabu zenu. Zote mbili ziingie chumbani, zikamuliwe mara mbili. Awamu ya kwanza ya kukamua ni leo, kuanzia saa sita mpaka maziwa ya jioni yafike. Ya pili ni kesho, kuanzia maziwa ya asubuhi mpaka adhuhuri. Itakayokauka imeshindwa. Moja ikisimama mara zote mbili na nyingine ikianguka mara moja, chumba ni cha mwenye iliyosimama. Mmekubali?" Koome akakubali. Celina akakubali. Sisi wote tulisikia, hakuna wa kusema hakusikia.

Asubuhi hiyo, kabla ya kukamua kuanza, Cucu Kiende alimpa Celina zawadi. Alikuwa amefuma kitambaa usiku na mchana, cheupe, chenye maua mekundu pembeni na vishada vilivyoning'inia. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, hata kile kipaza sauti cha kanisani kina chake. Cucu aliivika mashine kwa mikono yake mwenyewe, akavivuta vishada mpaka nyuma, akaiombea. Wanawake wote tulipiga vigelegele. Ilipendeza, jamani! Ile Xbox ya Koome ilionekana kama yatima.

Mchana wa Ruiri ni mchana. Chumba kilijaa vijana, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi, bati linachoma. Mwanzoni watu wote walijazana kwa Celina kwa sababu picha yake ilikuwa tamu. Halafu feni ikaanza. Ilivuma, ikavuma zaidi, ikawa kama posho mill, kinu cha kusaga unga cha kwa Njuki. Celina alikunja uso. Kabla maziwa ya jioni hayajafika, maandishi yalitokea kwenye skrini kwamba mashine imeshika joto kupita kiasi, na ikazima. Vijana wa Xbox walilipuka kwa kelele. Koome alirusha kofia juu. Xbox yake iliendelea kimya, imetulia, kama mtu aliyeshiba.

Niliona aibu hadi masikioni. Celina alisubiri kelele zipungue, akaingiza mkono chini ya kitambaa, akauacha huko kwa muda. Nilimwona akielewa. Alizaliwa Kibirichia kwenye viazi, na kila mtoto wa Kibirichia anajua ukivifunika viazi vya mbegu bila kuviachia hewa, vinajipika vyenyewe gizani. Yale matundu ambayo mashine inapumulia, vishada vya Cucu vilikuwa vimeyaziba yote.

"Kitoe basi!" nikamnong'oneza.

"Siwezi kukivua kitambaa cha Mama mbele ya watu. Nitamwambia mwenyewe, nyumbani."

Na alimwambia. Nilikuwepo, nilikuwa nimeenda kumpa pole wakati wa chai ya asubuhi. Celina alipiga goti moja mbele ya kiti cha Cucu. "Mama, kitambaa chako nakipenda kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Lakini kinaziba pumzi ya mashine. Ndicho kilichoizima jana. Naomba niikamue leo bila kitambaa."

Cucu alinyoosha mkono. Alikipokea, akakikunja mara nne, akakitia kikapuni. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akachukua kikapu na fimbo yake akatoka mbele yetu kuelekea kituoni, mwendo wa mtu aliye na kazi.

Tulipofika chumbani, kikongwe huyo alikuwa amesimama mbele ya Xbox ya Koome, sauti imelainika kama siagi. "Mjukuu wangu Koome, jana umetufurahisha. Mashine nzuri hivi haifai kukaa uchi. Nami nikuvishie." Na akaifunika, akakiweka kile kitambaa vizuri kabisa juu ya yale matundu ya mgongoni, vishada mpaka chini. Koome alifurahi, masikini. "Asante sana, Cucu, ubarikiwe." Angesema nini? Ni nani hapa angekivua kitambaa cha Cucu Kiende, mwanamke aliyewafundisha mama zetu ubatizo?

Mimi nilifurahi, nisiwadanganye. Nilifurahi hadi nikauma ncha ya leso. Nikajisemea, dawa ya moto ni moto, sasa tuone. Ikianguka leo, wamelingana, na Muturi atalazimika kuanza upya.

Mashine ziliwashwa. PS4 bila kitambaa ilivuma, lakini ilivuma kwa kiasi, haikupanda tena. Xbox ilianza kimya kama kawaida yake. Jua lilipopanda, ikaanza kutoa sauti ambayo haikuwa nayo jana. Koome aliangalia, akakuna shingo, akamwangalia Cucu, akaacha. Vijana wa PS waliona, wakaanza kukonyezana. Celina alikuwa amekaa na pedi mkononi. Aliitazama ile Xbox kwa muda mrefu, na mimi namjua vya kutosha. Nilimvuta gauni. "Celina, tulia. Celina, usinifanyie hivyo!"

Aliinuka akavuka chumba. Akakivua kile kitambaa mbele ya umati mzima. "Koome, mashine yako haipumui. Ukitaka iishi, usiifunike kamwe."

"Celina!" Cucu Kiende alipiga fimbo sakafuni. "Mimi sirudi kwa Kinoti! Umesikia? Nimelala nyuma ya lile zizi miaka yote baba yake Kinoti alipokuwa akinywa, na nimezeeka, na sirudi! Ningewafunika wote hapa, hata Muturi, kuliko kurudi!" Akalia waziwazi, bila kujificha. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya Mwirigi.

Celina alimshika mabega. "Haturudi, Mama."

"Kwa njia gani?"

"Sijui njia gani. Ila ng'ombe wa mwenzangu sitamfunga pua. Na haturudi."

Adhuhuri ilifika, mashine zote mbili zikiwa hai. Muturi alivua kofia. Ilionekana wazi haipendi kazi yake siku hiyo. "Leo zimesimama zote. Jana moja ilianguka. Tulikubaliana sote. Chumba ni cha Koome." Koome hakurusha kofia safari hii. Alikuja akampa Celina mkono, akaushika kwa mikono miwili. Celina akamwambia aipanguse vumbi kila asubuhi kwa brashi laini. Kisha akaichomoa PS4, akaiweka ndani ya beseni, akalitwika kichwani, akatoka juani na Cucu akiwa nyuma yake.

Hapo ndipo hasira ilinipanda, na sikujua ni hasira ya nani. Nilikasirikia sheria, nikamkasirikia Celina na uaminifu wake, nikajikasirikia mimi na viapo vyangu. Nilivuka barabara nikawapita, nikafungua mlango wa duka kwa kishindo, nikapitisha waya wa stima dirishani. "Leta hiyo kitu hapa! Weka hapo barazani!"

"Nelius, ulisema hutaki kelele."

"Na bado sitaki! Utanilipa stima yangu, na vijana wako wakigusa gauni la harusi nitawakata masikio. Weka!"

"Sitaki kuonewa huruma."

"Nani amesema huruma? Nimesema utalipa!"

Aliweka. Tulifunga turubai kuzuia jua na vumbi, TV ya Celina ikaletwa ikakaa kwenye meza yangu ya kukatia, mashine ikakaa juu ya stuli peke yake, pande zote wazi, upepo unaipiga. Vijana wa PS walikuja kwanza. Halafu, mmoja mmoja, wakaja na wa Xbox, wakisimama mbali kama wanaopita tu. Mmoja akaniambia Xbox ni nzuri, haina neno, ila huyu mama angeweza kunyamaza tu ashinde, na hakunyamaza. Mwingine akasema amefuata picha kali, basi. Sijui ni yupi aliyesema kweli. Jioni foleni ilikuwa imefika kwa muuza mkaa, na Cucu Kiende alikuwa ameketi mwanzo wa foleni na fimbo yake, anapanga zamu, hana mchezo na mtu.

Wale wenye midomo walikuwa wamekwisha kupiga simu, bila shaka. Asubuhi iliyofuata nilisikia kwato za punda, na hapo akaja Kinoti na mkokoteni, ameweka na kamba za kufungia kitanda. Alisimama barabarani, akatazama baraza, turubai, na vijana waliojaa mbele yake.

"Shemeji, nimesikia umekosa chumba," akasema. "Mimi ni mtu wa neno langu. Tufunge mizigo."

Celina alikuwa kwenye mchezo na Koome, ndiyo, Koome mwenyewe, aliyefunga chumba chake aje kumjaribu. Hakugeuka. "Nilikosa chumba, shemeji. Mashine haijanishinda."

"Mama, panda twende," Kinoti akamwambia mama yake. "Hapa ni vumbi tupu."

Cucu Kiende alimtazama mwanawe kutoka juu hadi chini, kisha akanyoosha fimbo hadi kule kwa muuza mkaa. "Hapa hatusukumani, Kinoti. Wa mwisho ni yule wa shati la bluu. Kaa nyuma yake."

Kinoti aliitazama foleni hadi mwisho. Vijana wote walikuwa wakimwangalia. Alimfunga punda wake kwenye nguzo yangu ya stima, akaenda akasimama nyuma ya yule wa shati la bluu.